Kifaransa cha Ukutani

Harufu ya kitambaa kibichi kinachopigwa pasi hunikera hadi leo. Mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi, kila Jumapili tukitoka kanisani, mama alitandika blanketi juu ya meza moja tuliyokuwa nayo, akalowesha kitambaa cheupe, akakilaza juu ya sketi ya suti yake ya rangi ya kahawa na kukipitishia pasi taratibu, mpaka chumba kikajaa mvuke wenye harufu ya sufu na sabuni ya mche. Suti hiyo ndiyo aliyokuwa akiivaa siku za mitihani kule Bujumbura, alikofundisha Kifaransa katika shule ya sekondari kwa miaka tisa kabla vita havijatutimua. Ilivuka nasi mipaka ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Sufuria ziliachwa, picha za harusi ziliachwa, suti ikaja. Hapa Durban ilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kwenda kuombea kazi. Baba alikuwa akibeba mizigo katika ghala moja huko Mobeni, akiondoka alfajiri na kurudi amechoka hata kuongea hawezi, na mama alikuwa akishinda ndani ya vyumba vyetu viwili kwenye ghorofa iliyo karibu na barabara ya Umbilo, akipanga upya vitu ambavyo alishavipanga asubuhi. Nami nilikuwa nikiitazama ile pasi ikienda na kurudi kwa hasira ya kitoto, maana nilijua kwamba kesho yake, nikitoka shule tu, nitaburuzwa mitaani na sare yangu kwenda kuwa mdomo wake.

Kosa la mama lilikuwa kuamini maandishi ya ukutani, na sidhani kama mtu mwingine yeyote angeweza kulifanya isipokuwa watu wa kule tulikotoka. Kiingereza hakuwa nacho, hata cha kuombea maji; mimi ndiye niliyeanza kukiokota shuleni. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, Kirundi baba akikasirika, na Kifaransa mama alipotaka kutusahihisha. Basi wiki ya kwanza alipotembea barabara ya Umbilo macho yake yakaona kitu ambacho hakutarajia. Duka la nguo limeandikwa boutique. La kusuka nywele limeandikwa salon de beauté. Kwa fundi cherehani, haute couture. Nyumba ya kulea watoto, crèche. Hata banda la kuku wa kukaanga lilikuwa na neno chez, yaani kwa fulani, kabla ya jina la mwenyewe. Mama alisimama katikati ya wapita njia, akanishika bega, machozi yanamlengalenga. "Kaneza, unaona? Hawa bantu iko ba kwetu! Tutasikilizana nao." Jioni alipomweleza baba, baba alicheka mpaka akakohoa. "Mama Kaneza," alisema, "hiyo ni rangi tu. Ukuta haujui Kifaransa." Mama alimjibu kwamba mtu haandiki juu ya mlango wake lugha asiyoijua, na kwa akili zake za mwalimu jambo hilo lilikuwa wazi kabisa.

Tukaanza na lile duka la nguo. Mama aliingia amenyooka, akanyoosha mkono, akasema bonjour madame na kujieleza kwa sentensi nzuri ndefu, jina lake, shahada yake, miaka tisa ya kufundisha, na kwamba yuko tayari kwa kazi yoyote ya heshima. Mwenye duka alipiga makofi. Kweli kabisa, alipiga makofi, akamwita mwenzake kutoka stoo aje asikie. "Bonjour!" wakasema wote wawili, wakimwomba mama aseme kitu kingine, chochote, na mama kwa furaha akawasemea tena yale yale. Halafu mwenye duka akauliza kwa Kiingereza tungependa kununua nini. Nilipomweleza kwamba tunatafuta kazi, uso ulimshuka. Akauliza tumetoka wapi, nikamwambia. "Shame," alisema, kama wasemavyo watu wa hapa wakikuonea huruma ambayo haitawagharimu kitu, kisha akausogeza mkoba wake kutoka mezani akauweka chini, upande wake. Kwenye saluni ilikuwa hivyo hivyo bila makofi. Kwenye duka la kona lililoandikwa café, ambayo kwa mama ni mgahawa wa kahawa, tulimkuta mzee mmoja akiuza mikate, sigara na mafuta ya taa. Alimsikiliza mama mpaka mwisho kwa adabu, akamkabidhi mkate.

Naweza kuendelea kuorodhesha, lakini naona damu inanichemka nikiwa nimeketi tu. Sina ugomvi na neno kuhama. Kiswahili changu chenyewe kimejaa wageni. Meza tuliipata kwa Wareno, kitabu kwa Waarabu, shule kwa Wajerumani, na hakuna anayeringa kwa kusema meza. Ugomvi wangu ni wa kuringa. Hapa Durban mtu anakwambia chumba chake ni en suite badala ya kukwambia kina bafu, anakualika kwenye soirée ambayo ni watu kumi na soseji, anapamba ukumbi kwa mashuka na baluni halafu anaita décor na kuivuta sauti kwenye ile herufi ya mwisho, na akisema hivyo anakutazama kidogo kuona kama umesikia. Neno la Kifaransa likiwa ukutani linapandisha hadhi ya duka. Likitoka mdomoni mwa mwanamke mwenye karatasi ya ukimbizi, linamshusha yeye. Nilikuwa mdogo, sikuweza kulisema hivyo, ila nililihisi kila alasiri. Na kilichonichosha zaidi ni kwamba kila "hapana" ya mji ule ilipita kwanza kwangu. Walimkatalia mama kupitia mdomo wangu. Mimi ndiye niliyegeuka kila mara na kumwambia, kwa lugha yake, kwamba hatakiwi.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa siku tulipofika kwenye ile shule ya watoto wadogo, juu kidogo tukielekea Glenwood. Jina lake sitalitaja. Lilikuwa na maneno matatu ya Kifaransa na nyota ya manjano. Mwenyewe alikuwa Bi Charmaine, mwanamke mrefu mwenye mikufu mingi, na nikiri kwamba hakuwa mtu mbaya, jambo ambalo linaniudhi zaidi kuliko kama angekuwa mbaya. Alitukaribisha ndani, akatupa juisi. Alifungua kabati la vyombo akasema voilà. Watoto wake aliwaita petits, kosa dogo aliliita faux pas, na ukuta aliokuwa ameupaka rangi ya waridi alituambia una je ne sais quoi, uzuri usioelezeka. Mama alikuwa akitabasamu kwa kila neno kama mtu anayesikia jina la ndugu yake likitajwa redioni. Akatoa vyeti vyake kwenye bahasha, akavipanga juu ya meza kimoja kimoja. Bi Charmaine akavitazama, akagusa muhuri wa kimoja kwa kidole. "How chic," akasema. Kisha akanigeukia mimi na kuniambia nimweleze mama kwamba hahitaji mwalimu, anahitaji mtu wa jikoni. Ila siku ya wazazi, baada ya wiki sita, mama anaweza kuimba na watoto kidogo kwa Kifaransa mbele ya wazazi, kwa ajili ya ambience, kunogesha shughuli. Ni hivyo tu, alisema, asije akadhani ni zaidi.

"Alors?" mama aliniuliza. "Anasema je?"

Nilimtazama. Alikuwa amekaa pembeni kabisa mwa kiti, mikono juu ya ile sketi, na vyeti vyake bado viko mezani. Nikasema, "Anasema utaanza na jikoni. Siku ya wazazi utafundisha mbele yao, na ukifanya vizuri utapewa darasa."

Sikuwa nimepanga kusema uongo. Ulitoka tu, umekamilika. Mama alifumba macho kidogo. Kisha akasimama, akamshika Bi Charmaine mikono yote miwili na kumshukuru kwa maneno mengi, na Bi Charmaine akacheka na kusema merci, merci, akifikiri anashukuriwa kwa kazi ya kupika uji. Njiani kurudi mama alinunua machungwa, akanipa mimi la kwanza. Nililila lote.

Wiki sita zile zilikuwa nzuri kuliko zote nilizoishi na mama, na hapo ndipo penye uchungu wake. Asubuhi alikuwa akipika uji na mchana wali na nyama ya kusaga, chakula ambacho Bi Charmaine alikiandika kwa chaki ubaoni kila siku kama menu du jour. Kutoka jikoni alikuwa akimsikia Bi Charmaine akiwafundisha watoto kuhesabu kwa Kifaransa, akiruka saba, na mama akaendelea kukoroga, akijiambia kwamba zamu yake iko njiani. Alasiri, nikirudi shule, nilimkuta ameshafuta meza. Alikuwa akikusanya maboksi ya nafaka kutoka jikoni kwa Bi Charmaine, akikata ndani yake picha za wanyama, matunda, sehemu za mwili, na kuzipaka rangi kwa kalamu zangu za shule. Kisha ananikalisha mimi nyuma ya meza kama darasa zima. Aliingia chumbani upya kutoka nje, kwa mlango, akasalimia, akangoja nisimame. Sauti yake ilibadilika. Mgongo wake ulibadilika. Yule mwanamke aliyekuwa akisita kuvuka robot, kama waitavyo hapa taa za barabarani, mpaka nimshike mkono aliondoka, akaja mwingine ambaye sikuwa nimemwona tangu nikiwa mdogo sana, mwenye mzaha, mkali kidogo, anayeweza kumfanya hata ng'ombe wa boksi achekeshe. Nilijifunza haraka. Somo la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Baba akirudi alisimama mlangoni na viatu vyake mkononi, akitutazama, hakutaka kukatiza.

Mara kadhaa nilikaribia kusema. Siku moja nilianza kabisa, nikamwambia, "Mama, labda Bi Charmaine amesahau," naye akanijibu kwamba mwalimu mkuu hasahau, akaendelea kukata sikio la punda. Usiku nilisali kwamba Bi Charmaine aamke siku moja na kuona mwenyewe anahitaji mwalimu. Mtoto wa miaka kumi anaamini kwamba uongo ukikaa muda wa kutosha unaweza kugeuka kuwa kweli bila mtu kujua ulianzaje.

Siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi. Mama alifika na suti yake. Bi Charmaine alimvua koti la suti kwa upole, akisema litawatisha watoto, akampa blauzi ya mistari, skafu nyekundu ya shingoni na kofia ya duara ya kulaza upande mmoja. Mama aliniuliza kwa macho. Nikamwambia ndiyo sare ya mwalimu. Hapo nilikuwa nishazoea. Wazazi walikuwa wameketi uani kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, mezani kuna sambusa na vipande vya jibini vyenye vijiti, ambavyo kadi iliyokunjwa ilivitambulisha kama hors d'oeuvres. Bi Charmaine alimtambulisha mama kama Mademoiselle, binti ambaye hajaolewa. Mke wa mtu, mama wa mtoto aliyesimama pale pembeni na sinia la sambusa, Mademoiselle. Tulikotoka hakukutajwa. Alisema mama ametoka ng'ambo, akalizungusha hilo neno hewani kwa mkono wake, na kila mzazi akaachiwa achague ng'ambo yake.

Mama hakujua lolote kati ya hayo. Alijua anafanyiwa mtihani. Badala ya kuimba nyimbo mbili, alisimama mbele ya watoto ishirini wa miaka minne na mitano, akatoa boksi lake, na akafundisha. Alimtoa punda, watoto wakacheka. Akamficha. Akawauliza yuko wapi, akajifanya hamwoni, mtoto mmoja wa kiume akapiga kelele kwa Kifaransa kwamba yuko pale, ameuona mkia. Wale watoto walikuwa wakimsikia kila siku akiwagawia uji kwa Kifaransa na kuwaambia pole wakianguka, kwa hiyo sauti yake waliijua na walimpenda. Kwa dakika kama ishirini hakuna mzazi aliyegusa simu wala sambusa. Alipomaliza walisimama kupiga makofi. Baba mmoja mwenye miwani, na huyu namkumbuka kuliko wote, aliuliza kwa sauti kama mwalimu huyu atakuwa akiwafundisha watoto kila siku. Nami nikageuka kumtazama Bi Charmaine, naye akafungua mikono yake yote miwili na kusema, "Mais oui!"

Sijui kama nimewahi kufurahi namna ile tena. Nilijua Kifaransa cha kutosha, na nilijua ni ndiyo. Nililiweka sinia chini nikakimbilia chooni kulia. Mungu alikuwa amenisikia, uongo wangu ulikuwa umekuwa kweli, na hakuna mtu angehitaji kuujua.

Jumatatu shule yangu mimi ilikuwa likizo, hivyo niliandamana naye. Suti ilikuwa imepigwa pasi, boksi la picha kwapani, na alikuwa ameandika somo la tano kwenye daftari jipya kwa mwandiko wake wa kulala. Bi Charmaine alikuwa jikoni akitafuta kikombe. Alipomwona mama alifungua mdomo, akacheka, si kwa ubaya. "Darling, mbona umependeza hivyo? Unakwenda wapi?" Akaniambia nimwambie mama kwamba uji umechelewa, watoto wanaanza kufika. Nikamuuliza, kwa Kiingereza, sauti ndogo, kuhusu darasa, kwamba Jumamosi alisema ndiyo. Alinitazama kana kwamba kweli hakumbuki, kisha akakumbuka. "Ah, sweetheart. Hiyo ilikuwa kwa ajili ya wazazi." Ndipo nikaelewa kwamba kwake yale maneno yalikuwa kama zile baluni. Unazitundika, zinapendeza, unazishusha. Hakuwa amedanganya, kwa sababu hakuwa amesema chochote.

"Anasema je?" mama aliuliza. "Kaneza. Sema."

"Anasema uji umechelewa."

"Na darasa?"

"Hakuna darasa, mama. Hakuwahi kusema darasa. Ni mimi nilisema."

Nilingoja kofi. Ningelipokea vizuri. Mama aliliweka boksi juu ya friza, akalivua koti la suti, akalikunja mara mbili bitana ikiwa nje, akaliweka juu ya boksi. Akachukua aproni kwenye msumari. Mikono yake ilikuwa ikihangaika na kamba za mgongoni, nikasogea kumfungia, akaniambia kwa Kirundi niache. Aliukoroga uji ule huku amenipa mgongo, na ulipoiva akawapelekea watoto wake, wakamwimbia bonjour wote kwa pamoja, naye akawajibu. Alipika pale miaka miwili zaidi, kwa sababu tulikuwa tunahitaji. Muhula uliofuata karatasi za matangazo za shule zilitoka na picha yake amevaa ile kofia, chini yake imeandikwa kwamba Kifaransa kinafundishwa kila siku.

Kwa yote hayo ningeweza kumkasirikia Bi Charmaine na kuishia hapo, na kwa miaka mingi nilifanya hivyo, ilinifaa. Lakini kuna kipande kingine ambacho sijawahi kumsimulia mtu. Alasiri ya siku ile ile, tuliporudi nyumbani, mama alifuta meza. Akatoka nje, akafunga mlango, akaingia upya kama kawaida yake, akasalimia, akangoja nisimame. Hakunigombeza kwa ule uongo, si siku ile wala baadaye. Alitaka tu kuendelea na somo la tano. Nami sikusimama. Nilikuwa na hasira na mji mzima na hapakuwa na mtu mwingine wa kuitolea, basi nikamwambia kwa Kiswahili, "Sitaki. Hicho Kifaransa chako hakina kazi hapa." Kesho yake alifuta meza tena, akaingia tena. Nikasema sitaki. Siku ya tatu aliniomba, akasema nikae dakika tano tu, kwamba mimi ni mwanafunzi mzuri. Nilitoka nikaenda kucheza kwenye ngazi. Baada ya hapo meza ilibaki meza, na mama akazungumza nami Kiswahili.

Sasa nina umri aliokuwa nao yeye wakati ule. Nafanya kazi ofisini katika kampuni ya usafirishaji huko Jacobs, mahali ambapo hewa ina harufu ya mafuta na karatasi zinazochemshwa, na mwaka huu kantini yetu, yenye meza zile zile na maharage yale yale, imebandikwa kibao cha bistro. Wenzangu wanaitamka bila aibu. Mitaa ya Umbilo imezidi. Vyumba vya kupanga vimekuwa ateliers, kana kwamba ni karakana za wasanii, kinyozi amekuwa coiffeur, na ghorofa moja iliyopasuka ukuta inajiita château, kasri. Mama, ambaye sasa Kiingereza anakisikia vizuri kuliko anavyojifanya, akitaka kuelewana na watu anayatamka maneno hayo kama wao, ameyavunja makusudi ili yafanane na yao, na kila nikimsikia dukani akifanya hivyo natamani kumziba mdomo. Watoto wa siku hizi wanasema Kifaransa ni lugha ya kazi, ya safari, ya kupata nafasi nje. Mwanangu ana miaka minane. Kila Jumamosi asubuhi nampeleka Glenwood kwenye madarasa ya Kifaransa, kwa msichana mmoja mpole aliyejifunza chuoni. Nikiwa na zamu, mama ndiye anayempeleka, na kumsubiri.

Juzi nilitoka kazini mapema nikaenda kuwachukua. Korido ilikuwa na benchi moja, na mama hakuwa amekaa. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa darasa, sikio kwenye mbao, midomo ikicheza bila sauti. Mle ndani watoto walikuwa wakifundishwa majina ya wanyama. Nilimtazama muda mrefu kabla hajaniona. Kwenye gari, mwanangu akiwa nyuma na kitabu chake, nilimuuliza mama swali ambalo ni aibu yangu kwamba lilinichukua miaka yote hii, na hata hapo nililiuliza kwa ukali, kana kwamba kosa ni lake: kwa nini hamfundishi mjukuu wake mwenyewe.

Mama aligeukia dirishani. Alinijibu kwa Kifaransa, polepole, kwa ile sauti ya darasani, na nikagundua kwamba nimeelewa kila neno.

"Bibi amesema nini?" mwanangu akauliza kutoka nyuma.

Nikamtafsiria. "Amesema aliniomba mimi siku tatu, pale mezani, nikakataa. Na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwomba yeye." Mama alinisikiliza mpaka mwisho, uso ameuelekeza dirishani, akihakikisha kwamba safari hii sijaongeza wala kupunguza.